Maswali ya Wasomaji: Je, Davout Aliwashinda Waprussia Peke Yake?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya upili hapa Kisumu. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama ni kweli kwamba mwaka 1806 kikosi kimoja cha Napoleon kiliwashinda Waprussia, watu wa ufalme wa Kijerumani wa Prussia, bila msaada, au hayo ni majigambo ya Wafaransa tu. Nimemwahidi jibu Jumatatu. – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, ila neno “kikosi” ndilo linalotupotosha. Anayeyaona malori ya jeshi yakielekea kambi ya Lanet, Nakuru, huwaza askari mia chache, ilhali vikosi vikuu saba alivyoviunda Napoleon mwaka 1805 vilikuwa kila kimoja jeshi kamili, chenye askari wa miguu, wapanda farasi, mizinga na mkuu wake. Vilipita njia mbalimbali, kwa kuwa njia moja isingeweza kuwalisha watu wote hao, na kimoja kikikutana na adui kilitarajiwa kumzuia hata siku nzima mpaka wenzake wafike.

Kikosi cha Tatu kilikuwa cha Marshali Louis-Nicolas Davout, mtu mkali asiyewavumilia waporaji, na mwenye macho mabovu kiasi cha kuvaa miwani vitani. Ukali huo ulizaa matunda mapema: mwishoni mwa 1805 divisheni ya Friant, mmoja wa majenerali wa Davout, ilitembea kutoka Vienna hadi karibu na uwanja wa vita wa Austerlitz, zaidi ya kilomita 100, kwa muda wa siku mbili hivi. Mwambie mwanafunzi wako awaze safari ya Nakuru hadi Kericho kwa miguu, bunduki begani, katika baridi ya Desemba, kisha vita asubuhi inayofuata.

Tarehe 14 Oktoba 1806 Davout alivuka mto Saale kwenye daraja la Kösen akiwa na watu wasiozidi 28,000, na ukungu ulipoanza kutoweka akajikuta, karibu na kijiji cha Auerstedt, mbele ya jeshi kuu la Prussia, lenye watu wapatao 60,000 pamoja na mfalme wao. Divisheni ya Gudin, jenerali mwingine wa Davout, ilishikilia kijiji cha Hassenhausen, askari wakijipanga miraba, migongo ndani na singe nje, huku wapanda farasi wa Blücher, jenerali wa Prussia, wakiwavamia mara kwa mara bila kupenya. Friant akaja kulia, na Morand, jenerali wa tatu wa Davout, kushoto. Mtemi wa Brunswick, kamanda wa Waprussia, akapigwa risasi iliyomjeruhi vibaya, na amri zikavurugika. Hapa niwe mkweli: sehemu kubwa ya akiba ya Waprussia haikutumwa vitani kabisa, kwa hiyo si kwamba kila Mfaransa alipambana na Waprussia wawili. Hata hivyo gharama ilikuwa kubwa; Davout alipoteza watu wapatao 7,000, waliouawa na waliojeruhiwa, na Gudin zaidi ya mmoja kati ya kila watatu.

Napoleon, aliyekuwa akipigana karibu na mji wa Jena siku hiyohiyo, aliamini kwamba yeye ndiye aliyekutana na jeshi kuu. Inasimuliwa kwamba mjumbe wa Davout alipofika na habari, Napoleon alimjibu kuwa marshali wake bila shaka anaona vitu viwili viwili. Baadaye alikubali, na tarehe 25 Oktoba Kikosi cha Tatu kikapewa heshima ya kuingia Berlin kwanza. Ama Marshali Bernadotte, aliyekuwa karibu akiongoza Kikosi cha Kwanza, hakupigana Jena wala Auerstedt. Mpango wa majirani kusaidiana ulikuwa mzuri, lakini ulimtegemea jirani aliye tayari kuja.

SWALI: Niliona habari za mifupa ya jenerali wa Napoleon kupatikana Urusi. Ni nani? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Ni Gudin huyohuyo. Mwaka 1812, akiwa bado chini ya Davout, alipigwa na risasi ya mzinga karibu na Smolensk, akakatwa mguu na kufariki siku chache baadaye. Mifupa yenye mguu mmoja ilifukuliwa Smolensk mwaka 2019, vipimo vya vinasaba vikathibitisha kuwa ni yake, na Desemba 2021 akazikwa Les Invalides, Paris.