Kabla ya kukariri nadharia ya seli, menya kitunguu

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Uganda. Kiswahili ndicho tulichochezea, tukagombania, tukachapiwa. Shuleni mambo yalikuwa Kiingereza kitupu, na huko ndiko nilikokutana na nadharia ya seli, Senior One (kidato cha kwanza), sentensi tatu ubaoni: viumbe hai vyote vimeundwa kwa seli, seli ndiyo sehemu ndogo kabisa yenye uhai, kila seli hutokana na seli nyingine. Nikazimeza. Siku ya mtihani nikazitapika zote tatu, alama nikapata.

Hadubini niliiinamia mara ya kwanza nikiwa Senior Four. (Huku kwetu wengi huiita darubini, lakini darubini ni ya kutazamia vya mbali, hadubini ni ya kukuzia vidogo.) Ilikuwa moja tu, tumepanga foleni, kila mtu dakika mbili. Nikaona duara safi, ukingo mweusi mnene, katikati panang'aa. Nikajua hii ndiyo yenyewe. Nikachora kwa penseli iliyochongwa vizuri, ukingoni nikaandika "ukuta wa seli", pale katikati "kiini". Mzee wa maabara akapita nyuma yangu, akainama kwenye lenzi, kisha akatazama daftari langu.

"Mwanangu," akasema, "umechora hewa."

Kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo. Sasa nafundisha bayolojia hapa Arua, mwaka wa 11 huu, na sijapata bado darasa lisilo na mtoto aliyechora kiputo akakipa na kiini. Kwa hiyo ushauri wangu, kwa mwalimu mwenzangu na kwa mzazi anayemsimamia mtoto wake, ni huu: zile sentensi tatu zisubiri. Kwanza kitunguu.

Nunua kimoja chekundu sokoni. Kikate vipande vinne, chomoa tabaka moja nene, lipinde mpaka livunjike. Upande wa ndani, ule uliobonyea, utaona ngozi nyembamba kama nailoni inaning'inia. Ivute polepole kwa kucha. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho kinatosha, kikizidi hapo kitajikunja. Kitandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi, yaani kibao cha kioo, ongeza tone la aidini la kutia rangi, kisha kioo cha kufunikia, na hapo ndipo hewa inapoingilia. Usikidondoshe bapa. Kisimamishe mshazari, ukingo mmoja uguse maji, halafu ukilaze taratibu kwa ncha ya sindano ili hewa itokee upande wa pili. Anza na lenzi ndogo. Unaposhusha lenzi kubwa tazama kwa pembeni, usitazame kupitia juu. Slaidi tatu nimeshazivunja kwa haraka zangu. Umeme ukikatika usihangaike, hadubini ya kioo cha chini hutumia mwanga wa mchana. Kioo kielekeze kwenye anga jeupe, kamwe si kwenye jua lenyewe.

Utaona ukuta wa matofali, na ndani ya kila tofali doa la rangi ya chai ya rangi. Doa hilo ndilo kiini. Ukiona duara lenye ukingo mweusi, bonyeza kidogo kile kioo cha kufunikia kwa sindano. Likihama, ni hewa.

Mtoto akishaona hayo ndipo ninapomtajia Robert Hooke. Mwingereza huyu alichukua kisu alichokinoa kikawa kama wembe, akakata ganda jembamba la koki, ile ya kuzibia chupa, akalitazama. Akaona vyumba vidogo vidogo kama vya watawa, na jina la Kiingereza la vyumba hivyo, cell, ndilo lililozaa neno letu seli. Kitabu chake kilitoka mwaka 1665. Alihesabu vyumba kwenye urefu mdogo, akapiga hesabu, akapata zaidi ya bilioni moja katika inchi moja ya ujazo. Ila koki ni kitu kilichokufa. Alichokiona ni kuta za nyumba ambazo wenyewe walishahama. Wanafunzi wangu wanaona zaidi ya alichokiona yeye kwenye koki ile, na huwaambia hivyo waziwazi, wavimbe kichwa kidogo.

Ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi. Mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa dukani, chuo kikuu hakukanyaga. Alisaga lenzi zake mwenyewe, vijilenzi vidogo vilivyoweza kukuza kitu zaidi ya mara 200, akatazama maji ya ziwa, akatazama uchafu wa meno yake. Mwaka 1676 aliwaandikia wanasayansi wa London kuhusu vijidudu alivyoviona kwenye maji. Wakasita kuamini, mpaka Hooke huyuhuyu alipovitazama mwenyewe mwaka uliofuata na kukiri kwamba vipo. Sasa kinachonifurahisha: Leeuwenhoek hakujua Kilatini wala Kiingereza. Barua zake zote aliziandika kwa Kiholanzi cha nyumbani, wakubwa wakatafuta wa kuwatafsiria.

Nilichapwa mara nyingi kwa kuongea Kiswahili darasani. Leo, kwenye meza ya hadubini, nawaacha watoto waseme wanachokiona kwa lugha yoyote iliyo karibu na ulimi: Kiswahili, Kilugbara, Kinubi. "Mwalimu, imejipanga kama mabati." "Mwalimu, hii yangu ina jicho." Kiingereza cha mtihani tunakitia baadaye, na kinaingia upesi kwa sababu kimekuta kitu cha kushika. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, na maneno ya chumba cha walimu nimeshayazoea.

Kisha kuna Wajerumani wawili. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alisema mimea yote imejengwa kwa seli, na 1839 Theodor Schwann akasema wanyama vilevile. Hapo ndipo sentensi mbili za kwanza zilipozaliwa, karibu miaka 170 baada ya ile koki. Lakini ya tatu walikosea kabisa. Walidhani seli mpya huganda zenyewe kutoka kwenye majimaji, kama chumvi ya ziwa Katwe inavyojitengeneza jua likikausha maji. Hawakuiona ikitokea, waliikisia. Robert Remak ndiye aliyefuatilia mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua ndani, akaona seli zikigawanyika, na mwaka 1852 akasema wazi kwamba seli hutoka kwenye seli. Rudolf Virchow akalirudia mwaka 1855 kwa maneno matamu ya Kilatini, na jina lililobaki vinywani ni la Virchow. Kosa la Schleiden nalifundisha kwa makusudi, tena kwa kirefu. Mtoto aliyechora hewa anahitaji kujua kwamba hayuko peke yake.

Mtego mwingine ni ule wa kijani. Kitabuni seli ya mmea imejaa vidonge vya kijani vya kutengenezea chakula kwa mwanga, basi mtoto anatazama kitunguu kisicho na kijani hata tone, anavichora hivyohivyo, tena kwa rangi. Tabaka za ndani za kitunguu zimefunikwa gizani, zitengeneze chakula kwa mwanga upi? Ukitaka kijani, nenda nyuma ya tangi la maji, chukua yale majani madogo ya mosi (moss kwa Kiingereza) yanayoota kwenye ukuta wenye unyevu. Jani lake sehemu kubwa lina unene wa seli moja tu, halihitaji hata kukatwa.

Na kama shule yenu haina hadubini kabisa, ongea na mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya. Wa hapa kwetu aliniruhusu nilete watoto wanne siku isiyo na wagonjwa wengi. Aliwaonyesha damu yenye malaria: chembe nyekundu mviringo, na ndani ya moja, kipete chembamba chenye nukta ya zambarau. Kipete hicho ni kiumbe kizima chenye seli moja, kimejificha ndani ya seli ya mtu, kinajigawa humo mpaka chembe inapasuka na kuwamwaga wanawe kwenye damu. Kila mmoja wa wale wanne alishaugua malaria. Sentensi ya tatu sikuwahi kuwakumbusha tena.

Njiani kurudi mmoja aliniuliza kuhusu virusi. Swali zuri mno. Virusi si seli, na haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli. Nikawasimulia juu ya msitu wa Zika, kando ya Entebbe, ambako mwaka 1947 virusi vya Zika viligunduliwa kwenye damu ya kima aliyewekwa kwenye tundu huko msituni. Hadubini yetu haiwezi kuvionyesha, ni vidogo mno. "Basi waliovigundua waliamini vipi bila kuona?" akauliza. Tulilizungumza mpaka getini.

Muhula uliopita msichana wa Senior One aliniletea daftari. Amechora seli tisa za kitunguu, zimebanana, moja imekatika ukingoni kwa sababu ndivyo alivyoiona. Kando yake duara lenye ukingo mweusi, na mshale umeandikwa kwa Kiswahili: hewa. Nikampa alama zote, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikamwandikia neno lake la Kiingereza.