Jibu: Vipindi vimejaa, andiko la PhD limekwama

Habari Mwalimu, pole na majukumu. Umesema wewe ni mhadhiri msaidizi hapo Moshi, una kozi nne, na andiko la PhD limelala tangu Januari.

Kwanza hesabu saa zako zote kwa wiki, pamoja na za kusahihisha. Nilipohesabu zangu hapa Arusha, nilikuta majaribio ndiyo yaliyokuwa yakinimaliza: marundo ya karatasi mezani mpaka saa sita usiku, kalamu nyekundu imeisha wino. Nikampelekea mkuu wa idara hesabu hiyo kwa maandishi, akanipa msaidizi wa semina. Malalamiko ya mdomo alikuwa ameyasikia mwaka mzima.

Andiko lipe Jumamosi asubuhi, simu iache chumba kingine. Kamati za ziada zikatae kwa heshima. Bila PhD hupandi kuwa Mhadhiri.