Kwa Wanaoanza Kusoma Michoro ya Ukutani ya Wawarli na Warathwa

Mwanafunzi anayeanza kusoma michoro ya ukutani ya makabila ya magharibi mwa India hufika kijijini na daftari lenye safu mbili, moja ya alama na nyingine ya maana zake. Nami nilifika hivyo hivyo, na daftari lile lilinipotezea miezi. Kabla ya kuuliza alama fulani ina maana gani, ulizeni ukuta umechorwa kwa ajili ya siku gani, kwa mkono wa nani, na ni jambo gani lingekwama kama usingechorwa.

Chukueni Wawarli wa wilaya ya Palghar, kaskazini mwa Mumbai. Wengi wetu tuliwajua kwanza kupitia vitambaa na vikombe vya dukani, ambavyo aghalabu huonyesha wachezaji wakimzunguka mpiga tarpa, ala ndefu ya kupuliza yenye kibuyu. Ngoma hiyo ipo kweli, ila kiini cha ukuta wa arusi ni chauk, mraba ambao katikati yake anasimama Palaghata, mungu wa kike wa uzazi. Ukuta hukandikwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kazi ambayo msomaji aliyekulia kijijini kwetu haihitaji kuelezwa, na juu yake hupakwa udongo mwekundu. Rangi ya kuchorea ni nyeupe tu, yaani unga wa mchele uliokorogwa kwa maji na gundi, na brashi ni kijiti cha mwanzi kilichotafunwa ncha hadi kikatoa nyuzi.

Wanaochora chauk ni suvasini, wanawake walioolewa ambao waume zao wangali hai, huku dhavaleri, mwanamke anayeongoza ibada ya arusi, akiimba nyimbo za kuwaita miungu. Bila chauk, ndoa haifungwi. Mraba ule humwandalia Palaghata mahali pa kukaa ili awepo wakati wa ndoa, wala haukuchorwa ili wageni wapate kuutazama. Pembeni, katika mraba mdogo, yupo Panchsiriya, shujaa asiye na kichwa ambaye mwilini mwake huchipua nafaka. Mkimwona, msiharakishe kuandika neno "vita", kwa kuwa anahusiana zaidi na shamba na uzazi.

Jambo la kuangalia kwa makini hapa ni mchango wa mchoraji wa Kiwarli Jivya Soma Mashe (1934–2018), aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 2011. Yeye alikuwa mwanamume, na alichora kila siku, pasipo kungoja arusi. Tangu miaka ya 1970 kazi zake zilivuka kutoka ukutani hadi kwenye karatasi na kitambaa. Wapo wanaosema kwamba aliiharibu mila. Mimi sikubaliani nao, lakini namsihi mwanafunzi asichukue karatasi ya Mashe kuwa ushahidi wa ibada, kwani ni sanaa yenye sheria zake na inastahili somo lake.

Kwa Warathwa wa Chhota Udepur, katika jimbo la Gujarat, mambo hugeuka karibu yote. Mchoro wa Pithora huchorwa na wanaume waitwao lakhara, kwa rangi nyingi, na chanzo chake ni nadhiri: mtoto ameugua, ng'ombe wanakufa au mvua imegoma, na mwenye nyumba anaahidi kumkaribisha mungu Baba Pithora ukutani shida ikiisha. Wasichana ambao hawajaolewa huukandika ukuta unaotenganisha kibaraza na jiko, kisha rangi huchanganywa na maziwa na pombe ya maua ya mahua. Miungu hufika juu ya farasi walio safu kwa safu. Miongoni mwa viumbe wengine yumo mtu mwenye masikio mapana kama ungo. Kazi ikikamilika, badva, ambaye ndiye kuhani, hupagawa na kuukagua mchoro, na kilichosahaulika huongezwa papo hapo. Mbuzi huchinjwa baadaye. Nilipoliona kundi lile la farasi kwa mara ya kwanza niliandika "mapambo ya kifalme", maneno ambayo sijayafuta daftarini, ili yanikumbushe.

Mtafuteni mkalimani anayejua lugha ya nyumbani ya watu hao, si Kigujarati tu. Kosa langu kubwa nililifanya kupitia mkalimani. Nilimwomba lakhara mmoja anitajie bei ya kunichorea ukuta mzima, kama mfano wa kupiga picha. Alinyamaza kidogo, akamgeukia mkalimani, akauliza kwetu anaumwa nani.