Kutoka hashitegi hadi mtaro wa mtaani: tulivyofanya huku kwetu Pwani

Ndugu yangu, umeuliza mfanyeje na kikundi chenu cha WhatsApp kilichozaliwa Juni 2024 wakati wa kupinga Mswada wa Fedha wa Kenya, ule uliotaka kuongeza kodi. Unasema kimepoa, nanyi mnataka nguvu ile iingie kwenye kazi ya mtaani, hasa masuala ya mafuriko na tabianchi. Nimetoka kwenye kikundi kama hicho, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Msidharau mlichofanya. Watu waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, na Rais akakataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kuuawa karibu na Bunge. Huo uzoefu wa kusoma karatasi za serikali ndio mtaji wenu. Lakini mswada ule ulikuwa na siku yake ya mwisho, na hiyo siku ndiyo iliyowakusanya watu. Mtaani pia siku zipo, ila hazitangazwi kwa kishindo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ukifika kwenye mkutano wa ushiriki wa umma bila kujua karatasi gani inajadiliwa, utapewa soda na kurudi nyumbani.

Sisi tulichapisha ukurasa mmoja tu wa makadirio, ule wenye wadi yetu, tukaupeleka kwa akina mama wa chama siku yao ya kuchanga. Hatukuwaita kwenye mkutano wetu, tuliwafuata kwao. Mama mmoja anayeuza mbaazi na mahamri aliweka kidole kwenye mstari wa "ukarabati wa mtaro", akakisoma kile kiasi kwa sauti, akauliza, "Mtaro upi huu? Huu wetu?" Basi tukatoka sote, tukaufuata mtaro kuanzia barabarani hadi unapoishia, nyuma ya nyumba za watu, kabla hata ya kufika kwenye mikoko. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji hukosa pa kwenda na hurudi jikoni. Mama yule alituonyesha ukutani kwake alama ya tope, juu ya jiko.

Picha hatukuzirusha mtandaoni kwanza. Tuliziambatanisha na barua fupi yenye sahihi na dole gumba za wakazi, tukaipeleka kwa karani wa bunge la kaunti na kudai muhuri kwenye nakala yetu. Hiyo nakala yenye muhuri ndiyo tuliyoisambaza, na hapo mtandao ulitusaidia kweli, maana hakuna aliyeweza kusema hajaipokea. Mwaka wa kwanza hatukujibiwa. Wa pili mtaro uliandikwa kwa jina la mtaa, ukachimbwa nusu. Nusu iliyobaki tunaidai mpaka leo.

Ulizia pia kamati ya tabianchi ya wadi yenu. Kaunti nyingi zinazo, chini ya FLLoCA, mpango wa kugharamia kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wengine, na wanakamati wanapaswa kuwa wakazi wenyewe. Jueni ni kina nani na walichaguliwa lini. Na mwanasiasa akija na fulana, mshukuruni na mzirudishe. Kikundi kikishavaa jina la mtu, majirani wa upande wa pili hawaji tena, na mtaro hauchagui chama.

Wanaosema hii ni kazi ya polepole mno nawakumbusha Lamu. Watu wa Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji wa huko, walikwenda kijiji kwa kijiji kwa miaka kuzungumzia mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni yake, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Anzeni na ukurasa wa wadi yenu. Mkiupata na tarakimu zikawachanganya, uwekeni hapa tuusome pamoja.