Kabla hujafungua difu, shika chaki

Mark II au Hilux ya zamani ikigonga "ko!" unapotoa D na kutia rivasi, hukumu hutoka papo hapo: difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) imekwisha, nenda Kariakoo ukatafute mtumba. Mara nyingi difu hiyo inasingiziwa. Wewe unayeanza gereji, jifunze kwanza kutenganisha pleyi mbili, yaani aina mbili za ulegevu. Ya kuzunguka ina kiwango chake, na gari laweza kuishi nayo miaka. Ya kuyumba, yaani juu na chini au mbele na nyuma, ikionekana kwenye krosi (kiungo cha propela, ile shafti ndefu ya kwenda difu) au pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), hiyo ni ugonjwa hata ikiwa ndogo.

Weka gari mahali tambarare, zuia matairi ya mbele kwa vigingi, tia nyutro, vuta handibreki. Kama unainua, gari likae juu ya stendi. Jeki si stendi. Land Rover za zamani ziangalie kivyake: handibreki yake hukamata propela, si magurudumu. Hapo iachie, zuia matairi yote kwa vigingi, na mwenzako akanyage breki.

Chora mstari wa chaki kwenye flanji ya difu (sahani inapofungwa propela) na mwingine mkabala wake kwenye kasha. Zungusha flanji kwa mkono mpaka igote, kisha irudishe upande wa pili mpaka igote. Pima pengo ukingoni mwa flanji, huku ukihakikisha matairi hayasogei.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Flanji ya kipenyo cha milimita 100 ikisogea milimita 5 ukingoni, imezunguka kama nyuzi 6. Inatisha ukiitazama. Lakini kwa difu ya 41 kwa 10 (meno 41 ya krauni, ile gia kubwa, kwa 10 ya pinioni), nyuzi hizo 6 ni kama moja na nusu tu kwenye gurudumu. Krauni na pinioni zenyewe huachiwa nafasi ndogo sana: difu nyingi za Toyota hutakiwa kuwa na milimita 0.13 hadi 0.18 kati ya meno. Kwenye krauni ya milimita 200, nafasi hiyo ukiihamishia ukingoni mwa flanji haifiki hata nusu milimita. Zilizobaki zinatoka kwenye zile gia ndogo za ndani ya difu, washa zake zilizolika, na meno ya akseli. Ukibadilisha krauni na pinioni, mlio huo utabaki palepale.

Baada ya hapo fungua propela, ukiweka alama kwanza ili irudi ilivyokuwa. Shika flanji, isukume juu na chini, kisha ivute na kuisukuma. Ikiyumba, beringi za pinioni zimelegea, meno hayakutani tena yanapotakiwa, na jino litavunjika siku ya mzigo. Tafadhali usikaze nati ya pinioni ili "kuondoa pleyi". Nati hiyo haipunguzi nafasi ya meno. Difu nyingi zina bomba la kubonyea ndani, ukilikaza kupita kiasi beringi zinabanwa na kuungua.

Krosi: shika pande zote mbili na kuzizungusha kinyume. Hakuna mchezo unaoruhusiwa. Unga mwekundu kando ya kikombe ni kutu ya sindano za beringi zilizo ndani yake. Gari linalopita maji ya Jangwani wakati wa masika hulipata hilo mapema. Ukitumia nipo (chuchu ya kupigia grisi), piga grisi mpaka itoke vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa ndicho kitakachokuumbua.

Raba zinazoshikilia giaboksi zikikatika hugonga vilevile, tena zinadanganya vizuri. Ziangalie kabla ya kumpa mteja bei.

Oili nayo inasema. Legeza nati ya tundu la kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia, maana ikigoma utabaki na difu tupu. Ute wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole si kawaida. Oili ya rangi ya maziwa imeingia maji: difu ya moto ikipoa ghafla majini huvuta kupitia kipumulio au sili. Jaza oili ya gia 80W-90 ya GL-5, mpaka mdomo wa tundu.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kama Vitz halina propela, kwa hiyo sikiliza sivi jointi (viungo vya shafti ya gurudumu): "ka-ka-ka" ukikata kona hadi mwisho ni ya nje, mtetemo ukivuta mafuta mara nyingi ni ya ndani.

Ikibidi kununua mtumba, hesabu meno ya krauni ugawe kwa ya pinioni. Uwiano ukitofautiana na wa zamani, spidomita nyingi zitadanganya. Na kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, difu za mbele na nyuma zitapigana ukiunganisha 4WD kwenye lami.