Redio tunayo, tuite vipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni baharia wa mashua ya uvuvi, tunaondokea mwalo wa Deep Sea hapa Tanga. Tajiri katununulia redio ya upepo ya mkononi. Nahodha anasema likitufika jambo tubonyeze, tupige kelele za "meidei". Ni hivyo tu? Na Kiswahili kitaeleweka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo pa kupiga kelele ndipo alipokosea nahodha wako. Mimi nilizipiga. Upepo wa kusi ulitukamata nje ya Pangani, mashine imezima, maji yanaingia shetrini, nyuma ya chombo. Nikaita mpaka koo likakauka, kimya. Kumbe kidole sijakiachia! Kitufe kikibonyezwa unasema tu, husikii, na wenzio wa chaneli hiyo unawaziba. Mpishi wetu akanipiga mkono, nikaachia, papo hapo sauti: "...rudia, uko wapi?" Nikakwama. Nilijua niko baharini, basi.

Kwa hiyo weka chaneli 16, ndiyo ya kuitia msaada baharini, nguvu ya juu. Meidei mara tatu, jina la chombo mara tatu, kisha mahali mlipo, kabla hujaanza kuhadithia yaliyowapata. Betri ikifa hapo, angalau wanajua pa kuwatafuta. Simu yako husoma latitudo na longitudo kwa setilaiti hata pasipo mtandao. Taja tarakimu moja moja. Simu imelowa? Sema "maili 5 mashariki ya mnara wa taa wa Ulenge". Ndipo useme mnazama au mnaungua, na mko wangapi. Achia kidole. Sikiliza.

Kiswahili kitumie, wavuvi wenzako mara nyingi ndio walio karibu. Ila meli ipitayo mkondo wa Pemba huenda zamu yake kashika Mfilipino, kwa hiyo kariri hayo hayo kwa Kiingereza. Meidei lenyewe halina mgeni. Lilitoholewa miaka ya 1920 kutoka Kifaransa, "nisaidieni", na mabaharia wa dunia nzima wanalijua. Mashine ikizima tu na hamzami, usilitumie. Sema "panpan" mara tatu.

Tena simama unapoita, antena wima. Mawimbi ya redio hii huenda kama jicho lionavyo: mashua kwa mashua usitegemee zaidi ya maili 4 au 5, meli yenye antena ndefu itakusikia mbali zaidi.

Na ifungeni kamba, ining'inie shingoni. Yangu ile iko chini, nje ya Pangani.