Taja kwanza kwamba grafu haikatiki

Mdogo wangu, hesabu yako ya kuthibitisha kwamba x³ + x − 1 = 0 ina jawabu kati ya 0 na 1 iko sawa: ukiweka 0 unapata −1, ukiweka 1 unapata 1. Umekatwa alama kwa sababu hukusema kwamba grafu haikatiki popote kati ya 0 na 1, na uthibitisho wote umeegemea hapo. Tazama 1/x: kwenye −1 inatoa −1, kwenye 1 inatoa 1, lakini haifiki sifuri kamwe, maana imekatika pale x = 0. Yako ni polinomia, yaani jumla ya namba na vipeo vya x kama x³, na hakuna polinomia inayokatika. Andika sentensi hiyo, ndipo utaje nadharia ya thamani za kati: grafu isiyokatika ikitoka chini ya sifuri hadi juu yake, lazima ipite kwenye sifuri. Jaribu pia 0.5: inatoa −0.375, kwa hiyo jawabu liko kati ya 0.5 na 1.